Saba Iliyozaliwa Baada ya Nane

Chumba cha seva, ghorofa ya pili, hospitali yetu ya Upanga.
Kiyoyozi kimoja kinafanya kazi, cha pili kinadondosha maji
kwenye ndoo ya rangi iliyokuja na mafundi
na haikuondoka nao.
Saa nne usiku. Nimepewa mpaka saa kumi na moja,
kabla foleni ya kliniki ya sukari haijafika getini.

Seva zetu tulizibatiza mitaa:
Manzese, Tandika, Sinza, Buguruni.
Buguruni ndiye mkongwe. Feni yake inakohoa.
Amebeba mashine pepe kumi na tisa.
Pepe! Nani alichagua neno hili?
Kwetu Ifakara pepe ni punje isiyo na kiini,
mama akipeta zinaruka na makapi.
Pepe hizi zina stoo ya dawa ndani,
zina picha za mapafu ya watu,
zina mtoto aliyezaliwa leo jioni
ambaye bado anaitwa Mtoto wa Zamoyoni.

Bwana Kiwelu anataka nane.
"Nane ndiyo habari ya mjini," alisema kikaoni,
akigonga meza kwa kalamu isiyowahi kuandika.
Ana hoja: mwakani waliyoiunda saba wataitelekeza.
Nzowa anataka saba ibaki.
Nzowa ndiye aliyekesha tulipotoka sita,
siku tatu hakuonekana kwake,
akanyolea ndevu chooni kwa wembe wa wodi.
"Zimwi likujualo," akaanza,
hakumalizia.

Mimi nilikuwa nimeshachagua nane,
na sitadanganya, ni kwa ajili ya sura yake,
ule weusi mtulivu usiochoma macho usiku.

Kisha nikafungua maelezo ya toleo,
yale tunayoyaruka kama karatasi
iliyokunjwa ndani ya pakiti ya vidonge.
Ukurasa wa arobaini na moja, herufi za sisimizi.
Saba yetu tuliitia kiraka cha mwezi wa nane.
Nane niliyoipakua ilitoka mwezi wa tano.
Kumbe saba ni changa kuliko nane!
Nikacheka peke yangu kati ya taa za kijani.
Nikamkumbuka mjomba Mgaya, niliyemzidi miaka minne,
niliyembeba mgongoni kuvuka matope
huku nikimwambia shikamoo.
Ukoo una hesabu yake, umri una yake,
na programu inahesabu umri:
kupanda huko, inasema, ni kushuka,
na kushuka hairuhusu.

Ipo nane nyingine, ya wiki tatu zilizopita.
Nikashusha kidole kwenye orodha ya mitambo inayoikubali.
Manzese yumo. Tandika yumo. Sinza yumo.
Nikarudia tangu juu, taratibu,
kama mtu anayetafuta jina lake
kwenye matokeo ya darasa la saba.

Hapo umeme ukakatika.
Kiyoyozi kikanyamaza, tone moja likalia ndooni,
betri zikapiga kelele zao za vifaranga,
jenereta likajikokota, likaamka.
Buguruni alikohoa, akaendelea.

Nikaandika kwenye daftari la mabadiliko:
Tunabaki saba. Kiraka cha mwezi huu, basi.
Nane tutaizungumza Buguruni akistaafu.
Naomba seva moja. Bei imeambatishwa.
Mkono wangu ulisita kwenye sahihi,
maana Bwana Kiwelu atauliza
usiku kucha nilifanya nini,
na jibu ni kwamba nilisoma.

Saa kumi na moja kunguru walianza ugomvi wao batini.
Muuguzi Tumsifu alifungua kompyuta ya mapokezi,
akapiga miayo, akaitazama kwa mashaka.
"Si mlisema mnabadilisha? Mbona iko vilevile?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Iko vilevile."